Jirani kapandisha ghorofa, uani kwangu hakuna siri tena

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa Tabata Segerea. Nina mume na watoto wawili, na nyumba tunayokaa tumeijenga wenyewe, kidogo kidogo. Kiwanja ni kidogo. Uani, kutoka mlango wa jikoni mpaka ukuta wa nyuma ni kama mita sita, na upana ni mita nane. Hapo ndipo ninapopika, ninapofua na kuanika, ninapoogesha watoto, na jioni nilikuwa nakaa kwenye kigoda changu karibu na mlango, nachambua mchele na upepo unanipiga, kichwa wazi, kanga moja kifuani.

Maisha hayo yamekwisha. Jirani wa nyuma, upande wa magharibi, amepandisha ghorofa. Nyumba yake iko kama mita tatu tu kutoka ukuta wetu, na kule juu kuna madirisha mawili yanayotazama uani kwangu. Moja ni la ngazi, la pili nadhani ni la sebule. Sasa nikitoka kuanua nguo navaa baibui kana kwamba naenda sokoni. Mama mkwe alipokuja kutusalimia alikataa kabisa kukaa nje, akashinda sebuleni na feni.

Nisije nikawasingizia, si watu wabaya. Maji yakikatika wanatuvutia mpira kutoka kisimani kwao. Sitaki waone tunawajengea uadui.

Mume wangu anataka kuongeza mabati juu ya ukuta. Ukuta una mita mbili, tofali za inchi sita, na fundi aliyekuja kuuangalia amesema hauna nguzo za zege, upepo mkali ukija utalala wote na mabati yake. Nikaenda kwa muuza miche barabarani, akaniambia ninunue fikasi kumi na tano na baada ya mwaka nitakuwa na ukuta wa kijani. Dada yangu aliyeolewa Marangu anasema panda masale. Mwenzangu kazini anasema mianzi. Mama mkwe naye ametuletea vipande vya minyaa kutoka Singida, viko kwenye ndoo hapa vinasubiri uamuzi. Karo la choo liko kona ya kushoto, jirani kabisa na ukuta huo huo. Maji ya bomba tunapata siku mbili kwa wiki.

Nipande nini, Mjomba? Na itachukua muda gani?

Mama Wawili, Segerea

*

Marahaba, mpwa wangu. Poleni na ghorofa la watu.

Kabla ya mche wowote, fanya jambo moja leo jioni, halina gharama. Kaa kwenye kigoda chako pale pale unapokaa siku zote. Mwambie mumeo asimame ukutani na fito ndefu iliyofungwa kanga kwenye ncha, aipandishe taratibu mpaka kanga ifunike dirisha la jirani machoni pako. Pale ilipofika kanga ndipo ua wako unapotakiwa kufika. Weka alama kwenye fito. Halafu hamisha kigoda, sogea mpaka ubaki mita moja tu kutoka ukuta wenu wa upande wa jirani, ule ule unaoukimbia, mrudie zoezi. Utashangaa.

Nimekupigia hesabu kwa vipimo ulivyonipa. Mtu aliyesimama dirishani ghorofa ya kwanza, macho yake yako kama mita nne na nusu kutoka chini. Wewe ukiwa kwenye kigoda, kichwa chako kiko kama mita moja. Ukikaa karibu na mlango wa jikoni, mita nne na nusu kutoka ukutani, unahitaji kizuizi cha mita 3 na ushee pale ukutani ndipo asikuone. Ukikaa mita moja kutoka ukutani, unahitaji mita 1.9 tu. Ukuta wako una mita mbili. Maana yake ni kwamba sehemu ya kujisitiri uani kwako ipo tayari, bila mche hata mmoja, nawe umekuwa ukikaa upande usio wake. Ukisimama hapo kwenye mita moja, unahitaji kama mita 2.3, yaani ukuta wako na sentimita thelathini za majani juu yake.

Watu wengi wakitazamwa kutoka juu hurudi nyuma, wakajibanza kwenye ukuta wa nyumba yao. Ndiyo sehemu inayoonekana kuliko zote. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walizijua hizi hila za macho: ukitoka dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni, unaingia tekani, ukumbi mdogo wa ndani, na mlango umekaa upande kiasi kwamba mpita njia, hata ukiachwa wazi, haoni kiwanda, yaani uwanja wa ndani, wala waliomo. Hawakuhitaji kuta za mita tano kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo vigoda, beseni la kuogeshea watoto na mkeka vihamie upande wa magharibi. Jua la saa tisa nalo litakuwa limeshazibwa na ghorofa, kwa hiyo utapata na kivuli cha bure. Jiko la mkaa liwashie pale pale mlangoni, likishakolea na moshi umekata ndipo ulisogeze, la sivyo moshi wote utapanda kwa jirani na dirishani atakuja kweli. Liweke mbali na majani, angalau mita moja. Kamba za nguo zigeuze ziende sambamba na ukuta, kamba ya nje uanike mashuka na vitenge, za ndani uanike zile nguo ambazo hutaki zijulikane.

Sasa tuje kwenye mimea, maana najua ndiyo uliyoiandikia barua.

Fikasi sitaki kuisikia. Muuza miche hakukudanganya kuhusu mwaka mmoja, mti huo unakua kwa fujo kweli, na ukipunguzwa kila mara unafanya ua mzuri mno. Tatizo liko chini ya ardhi. Mizizi ya fikasi inafuata maji popote yalipo, na uani kwako maji yako karoni. Itaingia kwenye viungo vya bomba la choo, itajaza chemba, itainua sakafu, na ukuta wa inchi sita usio na nguzo utapasuka mapema kabla ya mambo mengine yote. Porini au kwenye shamba kubwa ni mti wa heshima. Kwenye uwanja wa mita nane, pana karo na ukuta dhaifu, hapana. Mkungu na mkaratusi nayo usiipande humo, hata mtu akikupa bure.

Mianzi nayo imegawanyika. Kuna inayokaa shinani, ikinenepa polepole mahali ilipopandwa, na kuna inayotambaa, chipukizi zake zinaibuka mita mbili tatu mbali na mama, hata kwa jirani chini ya ukuta. Wauzaji wengi hawajui wanauza ipi. Usinunue mche ulio kwenye mfuko kabla hujauona ule mwanzi mama ulikochimbwa: ukikuta mashina yamebanana kwenye fungu moja, sawa, ukikuta machipukizi yametawanyika hovyo uwanjani, geuka uondoke. Kisha kuna ile mianzi mikubwa ya njano yenye michirizi ya kijani unayoiona kwenye bustani za hoteli. Hiyo inakaa shinani, lakini inaweza kupita mita kumi kwenda juu, na kila upepo ukivuma inakumwagia majani kwenye sufuria. Mimi kwa uani kwako ningeiacha. Mwenzako wa kazini pengine ana kiwanja kikubwa.

Ninachokushauri upande kwenye ukuta ule ni mhina. Ndiyo, huo huo wa kupaka mikononi na miguuni. Umetumika kufanyia ua tangu zamani, ni vile tu tumeusahau tukakimbilia vya kwenye majarida. Unapenda jua, unavumilia ukame, mizizi yake haina ubabe wa fikasi, unakubali kukatwa katwa, na ukichanua harufu yake inajaza uani kote. Ukishakomaa unatoa miiba, jambo ambalo kwa ukuta wa nyuma si baya hata kidogo. Kwako utapata jua la asubuhi mpaka saa saba au nane mchana, linatosha.

Panda sentimita sitini kutoka ukutani na sentimita sitini kati ya mche na mche. Mkisogeza karibu zaidi na ukuta, matawi ya nyuma yatakosa hewa na wewe utakosa pa kupitisha mkono. Udongo wa pande hizo una mchanga mwingi, haushiki maji, kwa hiyo mashimo yawe ya kina cha magoti, uchanganye udongo uliotoka na samadi iliyooza vizuri, nusu kwa nusu.

Nataka hapa unisikilize kidogo, maana ndipo nyua nyingi zinapoharibikia. Mhina ukifika usawa wa goti, kata ncha. Najua inauma, una haraka ya kwenda juu na mimi nakwambia ukate. Usipokata, shina moja litakimbilia juu, litatoa majani kuanzia mita moja na nusu kwenda mbele, na chini utabaki na vijiti vitupu. Ukikata, linatoa matawi mawili matatu pale pale ulipokatia. Yakifika usawa wa nyonga, kata tena. Fanya hivyo mara ya tatu likifika kifuani, baada ya hapo liache lipande. Majani unayokata usitupe, anika kivulini, saga, una hina ya sikukuu. Kwa kumwagilia vizuri, hesabu kama miaka miwili kufika mita mbili na nusu.

Miaka miwili ni mingi, najua. Ndiyo maana nakuongezea karakara, yaani pasheni.

Pale mlangoni pa jikoni, ambapo bado utapita na kusimama kila siku hata ukihamisha vigoda, simamisheni nguzo nne na mtandaze kichanja cha fito au waya juu yake, urefu wa mita mbili na robo hivi ili mumeo asigonge kichwa. Panda karakara mbili, moja kila pembe ya upande wa magharibi. Mtazamaji aliye juu unamzuia kwa paa kirahisi kuliko kwa ukuta, na karakara ni paa linalojijenga lenyewe: ikipata maji na samadi, ndani ya miezi sita hadi tisa kichanja kimefunikwa. Chukua ile ya matunda ya njano. Ile ya zambarau inapenda baridi ya milimani, huku joto linaichosha. Na miche miwili hiyo itoke kwenye mama tofauti, kwa sababu karakara ya njano kwa kawaida haizai kwa chavua yake yenyewe, inahitaji ya mwenzake. Wanaofanya kazi ya kuhamisha chavua ni wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Ukiwaona kwenye nguzo zako usiwapulizie dawa. Karakara haiishi sana, baada ya miaka mitatu minne inachoka, lakini wakati huo mhina utakuwa umeshasimama na unaweza kuotesha nyingine.

Dirisha la ngazi huenda likawa refu. Kama lile zoezi la fito litaonyesha kwamba mhina wa mita mbili na nusu haulifikii, ongeza miashoki mitatu, ile miti myembamba mirefu yenye majani yaliyolala chini, inayopangwa mbele ya hoteli na maofisi. Mitatu tu, mkabala na dirisha, mita moja kati ya mti na mti. Usije ukapanga ukuta mzima mita nane, utageuza uani kuwa kisima cha giza na nguo hazitakauka masika. Mwashoki haupanuki, mizizi yake ina adabu, na hauachi majani yote kwa mkupuo. Ni wa polepole, miaka mitatu hadi minne kufika usawa wa dirisha. Ukizaa matunda, popo watakuja usiku, na asubuhi utafagia kokwa. Uamuzi ni wako.

Dada yako wa Marangu naye yuko sahihi, ila si kwa ukuta mzima. Masale Uchagani yanapandwa mipakani mwa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, na jani lake ndilo linalopelekwa kwa mtu unayemwomba radhi, kwa hiyo kuyaweka kati yako na jirani ni adabu tupu. Kikazi, ni mmea mrefu, mwembamba, unaovumilia kivuli na kuishi kwenye chombo. Ndiyo dawa ya kona ya karo. Juu ya karo usichimbe, usipande kitu chochote ardhini. Kata pipa la lita 200 katikati upate vyombo viwili, toboa matundu chini, weka kokoto kidogo, kisha udongo, na uchomeke vipande vya masale vya urefu tofauti, kimoja cha kifuani, kingine cha kichwani. Vinashika mizizi bila kubembelezwa. Mfuniko wa karo usiuwekee kitu juu, gari la kunyonya likija msianze kubeba mapipa na udongo wake.

Vyombo hivyo msiviwekee visahani vya kukinga maji. Dar imeshapata milipuko ya dengi, mwaka 2014 na tena 2019, na mbu anayeieneza anazaliana kwenye maji kidogo tu, hata ya kwenye kisahani cha ua. Kama lazima sakafu isilowe, jaza kisahani mchanga.

Kuhusu maji: mche mchanga hautaki maji kila siku, unataka mengi kwa mara moja. Lita tano kwenye shina mara mbili kwa wiki zinazama chini na mizizi inazifuata. Kikombe kila jioni kinailea mizizi juu juu, na siku mkisafiri mmea unakufa. Siku zenu mbili za bomba zinatosha kabisa. Tandaza majani makavu au maranda ya mbao chini ya miche, ila yasiguse shina. Maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho yasiyo na sabuni nyingi, mpe mhina. Maji ya kisima cha jirani yaonje kwanza. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na masale yakinyweshwa chumvi majani yanaungua ncha. Ukipanda mwanzoni mwa masika, Machi, mvua itakufanyia kazi ya miezi miwili mitatu. Vuli nayo inafaa, lakini haina uhakika na kiangazi cha Januari na Februari kinaifuata kwa nyuma.

Mpaka mimea isimame, mumeo mpe kazi ya neti ya kivuli, ile ya kijani ya kwenye vitalu. Aifunge kwenye nguzo zake zenyewe zilizochimbiwa ardhini, nusu mita kutoka ukutani, asiitundike kwenye ukuta. Upepo unapita kwenye matundu yake, haisukumwi kama mabati. Fundi wenu aliwaambia ukweli na inaelekea hakuwatoza chochote, mkumbukeni siku mkiwa na kazi.

Jirani mwambieni mapema. Aende mumeo, au wewe kwa mama mwenye nyumba, na salamu kwanza na shukrani za maji, kisha mseme mnapanda miti kidogo kwa ajili ya sitara, msije mkaonekana mnamzibia upepo. Hapo hapo, kwa upole, ulizeni kama dirisha la ngazi linaweza kubandikwa ile karatasi ya ukungu. Ngazini hakuna anayekaa kutazama nje, mwanga unaingia vile vile, na inawezekana yeye mwenyewe haoni raha mkimwona akipanda na taulo. Akikubali, futa miashoki kwenye orodha.

Imebaki ndoo ya mama mkwe. Minyaa kwa Singida na Dodoma ni ua wa kuaminika, mbuzi hawaugusi na ukame hauuwezi. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa, mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa, na wewe una watoto wawili ambao watavunja matawi ili waone maziwa yakitoka. Hata kuvikata vipande hivyo vaa glavu na miwani. Ukirukiwa, osha jicho kwa maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima, kisha hospitali. Uani usivipande. Kama mna kiwanja kingine nje ya mji, vipelekeni huko vikalinde mpaka, na mama mkwe akija tena mwonyesheni picha jinsi vilivyoshika. Hamtakuwa mmemdanganya.